Harage Moja, Usiku Mmoja

Atu aliishi Tukuyu, mahali penye mvua nyingi.

Jina lake lote lilikuwa Atuganile. Lakini jina hilo lilikuwa refu, na Atu alikuwa mfupi.

Nyumbani walikuwa watatu. Baba, mama na Atu.

Vyombo vyao vyote vilikuwa na vitone vitatu vyekundu. Mama aliviweka kwa rangi ya kucha.

Kitone cha baba. Kitone cha mama. Kitone cha Atu.

Kila mama wa pale alitia alama vyombo vyake. Ndivyo sahani iliyoazimwa inavyojua njia ya kurudi kwao.

Baba alikuwa na lori dogo. Lilibeba ndizi miaka mingi, mpaka likachoka.

Kisha mama akaugua.

Akawa analala karibu na dirisha. Kutoka dirishani aliona mvua, na migomba, na lori.

Siku moja alimwambia baba alijengee lori nyumba. Nyumba ndogo ya mbao, mgongoni. Alitaka waende mbugani nayo.

"Siyo kwenda na kurudi," alisema mama. "Kwenda na kukaa."

Baba akajenga. Ko, ko, ko. Ko, ko, ko.

Akaweka kitanda kimoja kipana. Akaweka dirisha dogo. Akaezeka kwa bati.

Baba alipokuwa nje akigonga misumari, mama na Atu walikuwa ndani wakipanga safari.

Hawakuwa na ramani. Walikuwa na sinia la maharage, na chupa pana ya jamu, tupu na safi.

Kwanza mama aliigeuza chupa chini juu. Akaweka alama kitakoni. Alichukua muda mrefu, brashi mkononi.

Atu hakuangalia. Alikuwa anachambua maharage.

"Harage moja, usiku mmoja," alisema mama. "Hatuna haraka."

Mama alisema wataanza na mahali pa mwisho. Atu akauliza kwa nini. Mama akasema harage la chini ndilo linalotoka mwisho.

Basi walianza na maharage ya madoadoa. Hayo yalikuwa ya Mikumi, kwenye twiga.

Ti. Ti. Ti. Yakaanguka kwenye chupa.

Yalipofika mahali pake, mama alichora mstari mwekundu nje ya chupa. Mkono wake ulitetemeka kidogo. Mstari nao ukatetemeka.

Kisha maharage mekundu. Hayo yalikuwa ya Ruaha, kwenye udongo mwekundu na tembo.

Ti. Ti. Ti. Atu alihesabu mpaka ishirini. Baada ya hapo hakuzijua namba. Mama akaendelea kutia.

Atu akauliza mbona mengi hivyo.

"Tutakaa mpaka tembo watuamkie," alisema mama.

Atu akacheka. Mama naye akacheka. Kisha akakohoa, akapumzika, akakohoa tena.

Akachora mstari wa pili.

Kisha maharage meupe. Hayo yalikuwa ya Kitulo, kwenye ukungu na ndege.

Ti. Ti. Ti. Mama akachora mstari wa tatu.

Juu kabisa akaweka harage moja tu. Lilikuwa la njano.

"Hili la wapi?" aliuliza Atu.

"La hapa uani," alisema mama. "Usiku wa kwanza hatutakwenda popote. Tutalala garini, hapa hapa. Gari litujue kwanza."

Mama alifunga kifuniko. Atu akaiweka chupa juu ya rafu ya jikoni.

Baba asionyeshwe bado. Ilikuwa siri yao, mpaka nyumba ya lori ikamilike na mvua ikatike.

"Harage moja, usiku mmoja," alisema Atu.

"Hatuna haraka," alisema mama.

Lakini mvua haikukatika. Chwaa, chwaa. Chwaa, chwaa.

Asubuhi moja mama hakuamka.

Atu alimshika mkono. Ulikuwa baridi. Alimwita, na mama hakuitika.

Mama alikuwa amekufa.

Watu wakaja, wengi sana. Walikaa uani juu ya majani ya migomba. Waliimba kwa sauti ya chini.

Akina mama wa jirani waliingia jikoni. Kwenye msiba, mwenye msiba hapiki. Wanapika majirani.

Walileta sufuria zao. Walitumia pia za kina Atu. Walipika kila walichokikuta.

Atu alipewa wali na maharage. Alikula, lakini hakusikia ladha yoyote.

Siku ya nne watu waliondoka. Kila mmoja alibeba vyombo vyake, na vingine vikachanganyika.

Nyumba ikawa kimya. Maji tu ndiyo yaliyosikika, yakidondoka kutoka kwenye bati.

Ndo. Ndo. Ndo.

Atu alikwenda jikoni. Akaangalia juu ya rafu.

Chupa haikuwepo.

Aliangalia nyuma ya ndoo. Aliangalia chini ya meza. Aliangalia hata kwenye jivu.

Haikuwepo.

Baba alikuwa amekaa mlangoni. Hakuwa amenyoa ndevu. Alikuwa analiangalia lori.

Atu akamweleza habari za chupa. Akamweleza maharage ya twiga, na ya tembo, na ya ukungu.

Baba akauliza ni siku ngapi za twiga. Atu hakujua. Akauliza ni siku ngapi za tembo. Atu alijua ni nyingi, basi.

"Hakuna safari, Atu," alisema baba. "Njia aliijua mama yako. Mimi siijui."

Alisema Jumamosi ataibomoa ile nyumba ya mbao. Lori litarudi kubeba ndizi.

Usiku Atu alihesabu kwa vidole. Jumatano. Alhamisi. Ijumaa.

Vidole vitatu tu. Akavikunja, akavilalia.

Jumatano Atu alikata jani la mgomba. Akajifunika nalo kichwani, akatoka kwenye mvua.

Chwaa, chwaa.

Alikwenda kwa Mama Subi, nyumba ya karibu. Akamwamkia. Kisha akasema anatafuta chupa ya jamu.

Mama Subi aliangalia kwenye vyombo vyake. Akampa mwiko. Mwiko ulikuwa na vitone vitatu vyekundu. Ulikuwa wa kwao.

Lakini chupa, hapana.

Harage moja, usiku mmoja, Atu alisema moyoni. Ila sasa alikuwa na haraka.

Alhamisi alikwenda kwa Bibi Ambwene, juu mlimani. Njia iliteleza. Alianguka mara mbili.

Bibi Ambwene alimfuta matope kwa khanga. Akamwambia vyombo vya kwao vinatembea sana, kuliko hata yeye bibi mwenye miguu.

Akampa mfuniko wa sufuria. Ulikuwa na vitone vitatu vyekundu.

Lakini chupa, hapana.

Harage moja, usiku mmoja. Atu alirudi nyumbani, jani lake limechanika.

Ijumaa ilibaki nyumba moja tu. Nyumba ya Mama Lugano, ng'ambo ya mashamba ya chai.

Mama Lugano ndiye aliyesimamia jiko siku ya msiba. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti kubwa. Atu alimwogopa kidogo.

Alibisha mlango. Mlango ukafunguliwa.

Na pale dirishani ilikuwepo chupa pana ya jamu. Ndani kulikuwa na chumvi. Nje kulikuwa na mistari mitatu myekundu, inayotetemeka.

Atu alisahau kuamkia. Alinyoosha kidole tu.

Mama Lugano alisema hata yeye anamtafuta mwenye chupa. Amezunguka nayo nyumba zote zenye alama nyekundu, ila ya kina Atu. Akaigeuza chupa, amwonyeshe.

"Ninyi si mna vitone vitatu?" alisema. "Hii ina viwili. Hapa kwetu hakuna nyumba ya vitone viwili."

Atu aliangalia. Kimoja. Viwili. Kweli, kimoja hakikuwepo.

Lakini mistari aliijua.

"Ni yetu," alisema Atu. "Ilikuwa na maharage."

Mama Lugano alikaa chini polepole. Akakumbuka. Siku ile watu walikuwa wengi, na sufuria ilikuwa haijajaa. Aliona chupa juu ya rafu, akaimimina.

"Yale maharage yalikuwa safari," alisema Atu. "Kila harage usiku mmoja."

Akamweleza yote. Mama Lugano alijifunika mdomo kwa khanga.

"Nimepika safari yenu, mwanangu," alisema. Sauti yake haikuwa kubwa tena. "Nisamehe."

"Hata mimi niliyala?"

"Hata wewe. Hata baba yako. Sote tuliyala."

Atu akawaza. Twiga wote wale, na tembo wote wale, na ukungu wote, tumboni mwa watu.

Alitaka kucheka. Badala yake akalia.

Alikuwa hajalia tangu siku ile mama alipokataa kuamka. Sasa alilia mpaka kwikwi zikamshika. Mama Lugano alimpakata. Hakumwambia anyamaze.

Alipomaliza, Mama Lugano alimwaga chumvi kwenye bakuli. Akaifuta chupa kwa kitambaa kikavu, ndani na nje, asiguse mistari. Akachukua kapu la maharage mekundu.

"Subiri," alisema Atu. "Tunaanza na mwisho."

Mama Lugano akauliza mwisho ni yapi. Atu akasema ni ya madoadoa. Mama Lugano hakuwa nayo.

Ya madoadoa alikuwa nayo Mama Subi. Basi wakafunga maharage mekundu kwenye pindo la khanga, wakatoka kwenye mvua.

Kwa Mama Subi, Atu alitia maharage ya madoadoa, mpaka kwenye mstari wa kwanza. Ti. Ti. Ti.

Juu yake akatia mekundu ya Mama Lugano, mpaka kwenye mstari wa pili. Ti. Ti. Ti.

Giza likaingia. Mama Lugano alimpeleka Atu nyumbani. Mlangoni alimshika bega, akaahidi kuja asubuhi wapande kwa Bibi Ambwene.

Lakini asubuhi ilikuwa Jumamosi.

Wakapanda mapema, ukungu ukiwa bado chini. Bibi Ambwene aliwapa maharage meupe. Atu akayatia moja moja, mpaka kwenye mstari wa tatu.

Ti. Ti. Ti.

Ndipo wakasikia kitu kutoka bondeni.

Kriii.

Ulikuwa msumari. Baba alikuwa anang'oa msumari.

Atu aliikumbatia chupa, akataka kukimbia. Lakini akikimbia, chupa itatikisika. Madoadoa yatapanda juu. Meupe yatashuka chini. Njia itavurugika tena.

Basi akatembea. Hatua moja. Hatua nyingine.

Kriii.

"Harage moja, usiku mmoja," alisema Atu. "Hatuna haraka."

Kriii.

Njia iliteleza. Mama Lugano alimshika kwa nyuma, kwenye gauni. Hatua moja. Hatua nyingine.

"Harage moja, usiku mmoja. Hatuna haraka."

Walipofika uani, ubao mmoja ulikuwa chini kwenye matope. Baba alikuwa juu ya lori, mtaimbo mkononi.

Atu hakupiga kelele. Aliinua chupa juu, kwa mikono miwili.

Baba akashuka. Akaipokea.

Aliiangalia mistari. Akapitisha kidole juu yake, pale ilipotetemeka. Hakuuliza nani aliichora.

Kisha akainyanyua chupa juu ya macho yake. Akaangalia kitakoni.

Mvua ilimnyeshea kichwani.

"Vitone viwili," alisema baba.

Atu akasema labda mama alisahau kimoja.

"Mama yako hakusahau," alisema baba. "Alijua, Atu. Alijua tutakwenda wawili."

Atu aliangalia vile vitone. Kitone cha baba. Kitone cha Atu.

"Alijua, na bado akapanga?"

"Alijua," alisema baba, "ndiyo maana akapanga."

Baba akakaa chini, hapo hapo kwenye matope, akalia. Atu akakaa karibu naye. Mama Lugano aligeuka, akaondoka taratibu.

Chwaa, chwaa, ilinyesha mvua.

Baadaye baba alisimama. Akauokota ubao. Akainyoosha misumari iliyopinda, mmoja baada ya mwingine, juu ya jiwe.

Ko, ko, ko. Akaurudisha ubao mahali pake.

Atu alimwambia chupa haijakamilika. Linakosekana harage moja la juu kabisa, la njano.

Baba akaingia jikoni. Akamwaga maharage kwenye sinia. Alichambua na kuchambua, mpaka akalipata moja la njano.

"Hili la wapi?" aliuliza baba.

"La hapa uani," alisema Atu. "Usiku wa kwanza hatutakwenda popote. Tutalala garini, hapa hapa. Gari litujue kwanza."

Baba alilishika lile harage kwenye kiganja. Akaangalia mbingu. Mvua ilikuwa bado na siku nyingi.

Akasema Kitulo watakwenda barabara zikikauka. Kisha Ruaha. Kisha Mikumi. Kama chupa inavyosema.

"Lakini hili," alisema, "halihitaji barabara." Akalitia chupani, juu kabisa.

Jioni walihamisha godoro. Walihamisha blanketi, na taa, na bakuli moja. Chupa waliiweka kwenye dirisha dogo.

Baba alikuwa amenyoa ndevu. Atu alimgusa shavu. Lilikuwa laini.

Juu, mahali baba alipong'oa misumari, paa lilivuja kidogo.

Ndo. Ndo.

Baba akasema ataliziba kesho. Atu akaweka bakuli chini ya matone. Lilikuwa bakuli la vitone vitatu.

Ndo. Ndo. Maji yakaingia bakulini.

Wakalala kwenye kitanda kipana. Kilikuwa kipana kuliko walivyohitaji. Atu akasogea kwa baba. Nafasi iliyobaki waliiacha ilivyo.

"Baba, tembo wanaamkiaje?"

Baba alisema hajui. Watakaa huko mpaka wajue.

Atu akafungua chupa. Akatoa harage la njano, akalitia kwenye mfuko wa shati la baba.

"Harage moja, usiku mmoja," alisema Atu, macho yakifumba.

"Hatuna haraka," alisema baba.

Akapunguza taa.

Lori lilikuwa limesimama palepale uani, kwenye matope, chini ya mvua.

Safari ilikuwa imeanza.